Sura ya 4: Unaenda Wapi?

Anayepanda kutoka Nyeri mjini kuelekea Wamagana kwa baiskeli ya mashindano huulizwa swali moja kabla jasho la kilima cha kwanza halijakauka. Huulizwa na mzee aliyeegemea lango la boma lake, na mama aliyeweka chini kikapu cha majani chai akisubiri zamu ya mizani, na watoto wanaomkimbilia kando hadi pumzi ziwaishie. Unaenda wapi? Swali hilo halina uchokozi. Katika vijiji vya Tetu, mtu akipita bila kuulizwa anakokwenda, ujue amedharauliwa.

Mchuuzi wa maziwa ana jibu. Fundi wa bomba ana jibu. Huyu wa kaptura ya kubana na miwani myeusi ndiye hukwama.

"Naenda Ihururu, guka."

"Kuna nini Ihururu?"

"Hakuna kitu. Nikifika nageuka."

Mzee humtazama, huitazama baiskeli, kisha humwambia kwa upole kwamba safari ya namna hiyo angeweza kuimaliza akiwa kwake nyumbani, tena amekaa.

Swali la mtu huyu ni nani linaanzia hapo. Kwenye barabara hizi kila mwenye magurudumu mawili na pedali ni mwendesha baiskeli, lakini ni wachache wanaojiita hivyo wakiulizwa kazi yao, tabia yao au starehe yao. Anayepeleka maziwa akiulizwa yeye ni nani atasema ni mfugaji. Mwanafunzi atasema ni mwanafunzi. Baiskeli kwao ni kama jembe. Hakuna ajiitaye mtu wa jembe. Mpanda baiskeli wa lami ni yule aliyeondoa mzigo, akaondoa na mahali pa kufika, akabaki na barabara yenyewe.

Na barabara zenyewe haziwezi kupuuzwa. Wamagana, makao ya utawala wa Tetu, imekaa kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua, mahali ambapo mito hutoka msituni na kukimbilia kusini mashariki kama vidole vilivyotanuliwa. Kati ya kila mto na mwenzake kuna mgongo wa ardhi nyekundu. Ukiifahamu ramani hiyo, umefahamu mazoezi yote ya Nyeri. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole kuelekea msituni, kahawa ikibaki nyuma na chai ikianza, baridi ikiongezeka kila kilomita. Barabara inayokata migongo haina huruma hiyo: hutumbukia hadi darajani, hupinda, kisha hupanda ukuta wa upande wa pili, na mwendeshaji hufika juu kuona bonde jingine likimngoja. Tambarare ya kupumzikia ni haba. Mtu anaweza kuendesha asubuhi nzima hapa, akamaliza mahali alipoanzia, na miguu yake ikamwambia kwamba amepanda mlima mrefu.

Kiswahili kina bahati na jambo hili. Mtu hupanda baiskeli, hupanda kilima, hupanda mche wa chai. Kitenzi kimoja kinatosha. Kuna lugha zinazohitaji maneno matatu kwa kazi hizo. Huku Tetu, kazi zote tatu huonekana kwenye kona moja, asubuhi moja, na mara nyingine mtu huyo huyo huzifanya zote kabla ya saa nne.

Kabla ya wapandaji wa starehe, palikuwa na baiskeli ya kazi. Mkenya yeyote aliyevuka miaka 40 anaikumbuka Black Mamba: fremu nyeusi ya chuma, breki za fito, karia pana nyuma, kengele inayosikika ng'ambo ya bonde, gia moja tu. Ilikuwa mali. Mwalimu alikuwa nayo, katekista alikuwa nayo, karani wa chama cha kahawa alikuwa nayo, na kijana aliyeinunua alihesabiwa kuwa karibu kuoa. Magharibi mwa nchi, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, ilizaa kazi nzima: vijana waliobeba abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na kwa Kiingereza cha kukimbia, mpaka na mpaka vikawa boda boda. Jina lilianzia kwenye baiskeli. Pikipiki ililirithi tu.

Urithi huo ulikuja kwa kishindo. Serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, nduthi hizo zilimiminika vijijini, na katika nchi ya vilima kama Nyeri pambano halikuwa la haki. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya mbio ya kilo 8: jumla kilo 73. Mtu huyo huyo mpandishe Black Mamba ya kilo 22 na mitungi miwili ya maziwa ya lita 20: jumla kama kilo 128, bila kuhesabu mitungi yenyewe. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, nguvu za miguu zinazompeleka wa kwanza kilomita 10 kwa saa humpeleka wa pili chini ya kilomita 6 kwa saa, mwendo ambao mtu mwenye haraka anaufikia kwa viatu vyake. Ndiyo maana wauza maziwa wa Nyeri walishuka na kusukuma. Uvivu haukuwamo. Baiskeli ilikuwa imegeuka toroli.

Basi nduthi ikamchukua muuza maziwa, ikamchukua mwalimu, ikamchukua hata katekista. Vilima vikabaki na vijana wachache wasiomudu petroli, na pembeni yao kikaanza kuonekana kikundi kingine: wanaomudu petroli na hawaitaki. Hapo ndipo jina lilipohitajika. Watu wote walipoendesha kwa sababu ya shida, hakuna aliyejiita mwendesha baiskeli. Shida ilipoondoka, aliyebaki juu ya tandiko alilazimika kujieleza.

Hujieleza kwanza kwa mavazi. Kaptura yenye sifongo katikati ya mapaja, fulana yenye mifuko mitatu mgongoni, viatu vinavyojifunga kwenye pedali na kumfanya atembee dukani kama bata. Soksi zina urefu wake unaokubalika, na waumini wa madhehebu haya wanaweza kubishana juu ya urefu huo kuliko juu ya siasa. Kuna kunyoa miguu. Waendeshaji husema ni kwa ajili ya vidonda: ukianguka kwenye lami, ngozi isiyo na nywele husafishwa na kufungwa bendeji kwa urahisi, na mkandaji misuli hafanyi kazi kwa taabu. Sababu hiyo ni ya kweli. Sababu ya pili, wasiyoisema mbele za watu, ni kwamba mguu ulionyolewa ni kitambulisho. Mwenzako hukutambua ukiwa bado mbali. Kule Tetu, mwezi wa Julai ukungu unaposhuka kutoka Nyandarua na watu wazima wamejifunika makoti mawili, mwanamume mwenye mapaja wazi yaliyonyolewa huzungumziwa kwenye vibanda vya chai hadi jioni. Mwanamke akipita hivyo, mazungumzo hufika siku ya pili.

Lakini nguo ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni bei, na bei inaeleza kwa nini Nyeri, ambayo ina kila kitu mwanamichezo wa ustahimilivu anachohitaji, haikuwa nchi ya baiskeli. Catherine Ndereba alizaliwa mwaka 1972 na kukulia Gatunganga, katika kaunti hii hii. Alishinda mbio za marathoni za Boston mara nne, na mwaka 2001 huko Chicago alikimbia kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 47, muda ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameufikia. Hewa nyepesi ya mwinuko ilikuwa ya bure. Vilima vilikuwa vya bure. Alichohitaji kununua ni viatu. Mwendeshaji wa lami anaanzia kwenye chombo kinachoweza kuzidi bei ya ng'ombe wa maziwa, na akitaka kile cha washindi wa Ulaya, ni zizi zima.

Kwamba urefu juu ya usawa wa bahari hautoshi kuzaa waendeshaji, na kwamba historia ndiyo inayoamua, ni jambo linaloonekana vizuri ukivuka Ethiopia hadi Asmara. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu, karibu na kimo cha mashamba ya chai yaliyopakana na msitu wa Nyandarua. Waitaliano waliutawala, na Waitaliano walikuja na ugonjwa wao wa mashindano ya baiskeli. Mwanzoni waliwazuia wenyeji kushindana nao. Mwaka 1939 wakakubali kuwapambanisha, pengine wakitarajia kuonyesha nani bwana, na Mweritrea Ghebremariam Ghebru akawashinda. Mwaka 1946 yakaanza mashindano ya kuzunguka Eritrea. Leo Mweritrea akisema yeye ni mwendesha baiskeli, hakuna mzee wa kumuuliza anakokwenda. Mzee mwenyewe huenda alishindana. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa fulana ya madoadoa ya mfalme wa milima kwenye Tour de France. Mwaka 2024 Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour hiyo hiyo na kuondoka na fulana ya kijani ya anayeongoza kwa pointi.

Waingereza waliotawala Nyeri walileta gofu, polo, raga na riadha. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliipenda Nyeri hadi akataka kuzikwa hapo, na kaburi lake lipo. Mashindano ya baiskeli hawakuyaleta. Mtu hawezi kurithi kitu ambacho mwenye nyumba hakuja nacho.

Kwa hiyo Kenya ilibidi ianzie kwa mtu mmoja mmoja, na wa kwanza wa kutajwa ni David Kinjah. Nyumba yake ya mabati iko Mai-a-Ihii, kijiji kilicho karibu na mji wa Kikuyu, safari ya saa kadhaa kusini mwa Nyeri kwa gari. Kinjah mwenye rasta ndefu ni mwendeshaji, fundi, mwalimu na mlezi kwa pamoja. Mwaka 2002 alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia, jambo ambalo Mkenya mweusi hakuwahi kulifikia. Aliporudi aliendelea na vijana wake, Safari Simbaz, waliojifunza kutengeneza baiskeli kabla ya kujifunza kushinda: vipuri vilivyookotwa, minyororo iliyoungwa, tairi zilizoshonwa. Mtoto akifika kwake, anapewa spana kabla ya kupewa fulana. Kwa Kinjah, asiyeweza kufungua gurudumu lake mwenyewe bado ni abiria.

Kati ya watoto hao alikuwa mzungu mmoja mwembamba. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alikuwa karibu kufikia miaka 12 mama yake alipompeleka kwa Kinjah. Alijifunza huko kupanda vilima vya Kiambu nyuma ya vijana waliomzidi umri na nguvu, akazungumza Kiswahili, akala walichokula wenzake. Alipokuwa na miaka 14 alienda kusoma Afrika Kusini, lakini likizo zilimrudisha Mai-a-Ihii. Mwaka 2006 alivaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, Kinjah akiwa mwenzake wa timu. Mwaka huo huo alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, Austria, na hakuona dalili kwamba shirikisho la nchi lingempeleka. Akaingia kwenye barua pepe ya ofisa wa shirikisho na kujisajili mwenyewe kwa jina la ofisa huyo. Alifika Salzburg peke yake, timu nzima ya Kenya katika mwili mmoja, akaondoka kwenye mstari wa kuanzia na mara akamgonga msimamizi wa mashindano.

Kisa hicho huchekesha, lakini ndani yake mna swali la sura hii. Froome alikuwa mwendeshaji wa Kenya kwa sababu alijiandika hivyo. Mwaka 2008 akabadilisha leseni na kuwa Mwingereza kwenye karatasi, Uingereza ikiwa nchi ya asili ya wazee wake. Kisha akashinda Tour de France mwaka 2013, akairudia 2015, 2016 na 2017. Wakenya wengi husema ni wetu. Waingereza husema ni wao. Rekodi zimeandika Uingereza. Aliyemfundisha hakubadilisha karatasi yoyote, na hakupata Tour yoyote. Ukimuuliza mwendesha baiskeli wa Nyeri ni nani aliyemfanya aanze, kwa kawaida hutaja jina la Kinjah kabla ya la Froome, na mpangilio huo si wa bahati mbaya.

Njia nyingine ilipitia Bonde la Ufa. Mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, alijiuliza swali ambalo kila mtazamaji wa Tour amewahi kujiuliza: nchi inayotawala mbio ndefu za miguu inakosaje waendeshaji? Badala ya kulalamika alikuja kutafuta. Aliwapata Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, vijana wa maeneo ya Eldoret ambao kipato chao kilitokana na kung'arisha viatu na kubeba abiria kwa baiskeli. Mwaka 2008 aliwapeleka Ufaransa, akawaonyesha Alpe d'Huez, kilima cha kona 21 na urefu wa takribani kilomita 14 ambacho Tour imekigeuza madhabahu. Nderi alikipanda kwa dakika 42 na sekunde chache. Hakuwa na fulana ya timu iliyojulikana, wala hakuwahi kushindana Ulaya. Muda huo hauwezi kushinda Tour, ila mashabiki wengi waliozaliwa chini ya kilima hicho wangeuweka kwenye fremu ukutani. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa timu ya Kenyan Riders, iliyopiga kambi Iten katikati ya wakimbiaji.

Ilibainika pia kwamba mapafu ni nusu ya kazi. Kwenye tambarare, anayekaa mgongoni mwa mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu, maana upepo ndio adui mkuu. Katika kundi la watu 150 wanaokwenda kilomita 50 kwa saa, gurudumu lako likiwa upana wa kiganja kutoka gurudumu la mbele, mtu hujifunza kunusa breki ya mwenzake kabla haijashikwa. Ujuzi huo haupatikani ukiendesha peke yako Tetu, hata ukipanda kama swala. Waendeshaji wa Nyeri hulijua hili. Wanapopata wenzao sita au saba Jumapili hupanga mstari mmoja, hubadilishana mbele, na aliyeko mbele huonyesha shimo kwa kidole kilichoelekezwa chini. Asiyeonyesha shimo huambiwa mara moja. Akirudia, hatapewa tena nafasi mstarini, hata baiskeli yake iwe na bei gani.

Mashimo si mzaha. Barabara nyingi za kaunti zina lami isiyo na ukingo: pembeni lami hukatika ghafla na kushuka kwenye udongo, na matatu ikija kwa nyuma huku ikipiga honi, mwendeshaji ana nusu sekunde ya kuchagua kati ya honi na korongo. Barabara ya njia nne ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, imeleta kasi hadi malangoni mwa Nyeri, na kasi ya magari haijawahi kuwa rafiki wa mwenye pedali. John Njoroge Muya wa Kenyan Riders alifariki mwaka 2014 katika mashindano huko Ufilipino baada ya kupata ajali. Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda mwaka 2017 na kuwa nahodha wa Team Amani, alianguka na kufariki Agosti 2022 katika mashindano ya barabara za kokoto huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Jumuiya ni ndogo kiasi kwamba karibu kila mmoja ndani yake alimfahamu, au alimfahamu aliyemfahamu.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Wanyarwanda walijaa kandokando ya vilima vyao wakishangilia watu waliokuwa wakienda mzunguko ule ule, mara baada ya mara, ili warudi walipoanzia. Hakuna aliyewauliza wanakokwenda.

Wamagana haijafika huko. Ina fundi wa baiskeli, kama kila soko la Mlima Kenya lililo na mti wa kivuli au kipande cha bati: beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, gundi, kipande cha tairi kuukuu, misumari iliyonyooshwa, minyororo imening'inia kama nyama buchani. Wateja wake wengi ni wanafunzi, na wachache waliobaki wa Black Mamba. Wa nguo za kubana humfikia wakiwa na shida, kwa kawaida spoku iliyokatika kwenye mteremko. Fundi hunyoosha rimu kwa jicho, akizungusha gurudumu na kusikiliza linapogusa breki, na mara nyingi hulirudisha sawa kuliko duka la jijini. Akimaliza huinua baiskeli kwa kidole kimoja, aione ilivyo nyepesi, huigeuza huku na huku akitafuta kitu, kisha huuliza karia inafungwa wapi.